Uvimbe wa ovari kurudi baada ya miaka 12, ni seli shina za kansa?

SWALI: Daktari shikamoo. Mama alitolewa ovari miaka 12 iliyopita, majibu yakasema uvimbe wa seli za granulosa (seli zinazozunguka yai ndani ya ovari), ule wa nadra, akapewa na kemo. Juzi CT scan imeonyesha umerudi kwenye nyonga. Nimesoma kuna seli shina za kansa zinajificha kemo ikipita, ndo zenyewe?

JIBU: Marahaba, pole sana na mpe mama pole. Inawezekana ila mi nisingekimbilia huko.

Seli shina za kansa ni zile chache ambazo hata zikibaki kidogo zinaweza kuotesha uvimbe mzima upya. Nyingi zinajigawa kwa nadra, na kemo inapiga zaidi zinazojigawa, kwa hiyo iliyolala inapitwa tu, zingine zina pampu kwenye ukuta wake, dawa ikiingia inatemwa nje. Mwaka 2008 watafiti walichagua seli za kansa ya ovari zenye alama za CD44 na CD117 (protini za juu ya seli), seli 100 tu zikaotesha uvimbe kwa panya wakati zisizochaguliwa hata 100,000 hazikuotesha kitu. Sasa hiyo ilikuwa kansa ya ovari ya kawaida, sio granulosa, na hapo ndo watu wengi wanachanganya.

Granulosa ya watu wazima karibu zote zina kosa lilelile la herufi moja kwenye jeni ya FOXL2 (limegunduliwa 2009), na zinakua taratibu mno. Hebu piga hesabu: seli moja ikijigawa mara 30 unapata kama bilioni moja, yaani uvimbe wa sentimita 1 hivi. Tuseme kila mara inachukua miezi 4, hiyo ni miaka 10! Si lazima kuna iliyolala wala kujificha, mwendo wa kobe tu unatosha. Ndo maana huu uvimbe unaweza kurudi hata baada ya miaka 20.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo au dawa ya "kuua seli shina" mkimbie, kwa mama upasuaji ndo bado silaha kubwa kama uvimbe unafikika. Muulizeni daktari wake kuhusu kupima inhibini B kwenye damu (homoni ambayo uvimbe huu huitoa), na kile kipande cha uvimbe wa zamani kilichohifadhiwa maabara kwenye nta kitafutwe, kilinganishwe na cha sasa na kipimwe FOXL2, maana kuna vivimbe vingine vinafanana sana na granulosa kwenye hadubini na matibabu yake sio haya.