Anza na kutoa pumzi: ushauri kwa anayejifunza yoga

Anayeanza yoga huambiwa mapema sana avute pumzi ndefu. Naye huvuta kwelikweli: mabega yanapanda, shingo inakaza, kifua kinajaa mpaka juu, kisha hajui hewa yote ile aipeleke wapi. Katika miaka niliyofanya mazoezi haya, na kukaa kando ya wengine wanaoyaanza, nimeamini kwamba kupumua vizuri hakuanzii kwenye kuvuta. Kunaanzia kwenye kutoa. Mtu akishajua kuiachia pumzi taratibu hadi mwisho, ile ya kuingia hujileta yenyewe, tena inashuka chini inakotakiwa.

Sababu iko kwenye kiwambo, msuli mpana uliokaa chini ya mapafu kama bakuli lililopinduliwa, ukitenga kifua na tumbo. Hewa ikiingia, msuli huu hukaza na kushuka, ukisukuma viungo vya tumbo, ndiyo maana tumbo hutuna ingawa hewa yenyewe haifiki huko kamwe. Ukilegea, unapanda tena na hewa inatoka. Kwa mtu aliyetulia, basi, kutoa pumzi si kazi ya kufanya nguvu, ni kuachia tu. Wengi wetu hatuachii mpaka mwisho. Tunaanza kuvuta pumzi ya pili wakati ya kwanza bado imo nusu, zinapandana, na misuli ya shingo inalazimika kuingilia kati kubeba mzigo usio wake. Ukimwambia mtu wa namna hii avute zaidi, unamwongezea shida ileile.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la kulala kifudifudi. Katika yoga linaitwa makarasana, mkao wa mamba. Pishanisha mikono mbele yako, laza paji la uso juu yake, achanisha miguu kidogo na uache visigino vianguke vinavyotaka. Najua wengi hufundishwa wakiwa chali, mkono juu ya tumbo, na si vibaya. Lakini ukiwa chali ni rahisi kulisukuma tumbo juu na chini kwa misuli yake, ukadhani umepumua kumbe umecheza na tumbo tu. Kifudifudi sakafu inakuzuia. Hewa ikiingia utasikia tumbo likibana chini, mbavu za chini zikipanuka kwenda pembeni, na kiuno kikiinuka kidogo sana upande wa mgongo. Hewa ikitoka, kiuno kinashuka. Kifuatilie hicho kiuno. Siku nilipokisikia kikipanda na kushuka bila mimi kukisaidia, nilielewa kitu ambacho maelezo mengi hayakuwa yamenifikishia: mgongo nao unapumua.

Ukiwa hapo hapo, shughulika na mwisho wa pumzi. Iache itoke puani bila kuisukuma, na ikiisha usikimbilie nyingine. Kuna kituo kifupi pale, na wanaoanza hukiogopa, wanahisi kama hewa itawaisha. Hamu ile ya kuvuta, kwa kawaida, haisababishwi na kupungukiwa oksijeni, inasababishwa na hewa ya ukaa inayojikusanya kwenye damu, na mwili huanza kuidai mapema mno kabla ya hatari yoyote. Ngoja mpaka mwili uombe wenyewe, kisha uupe. Usishindane nao, wala usihesabu umekaa muda gani.

Dakika chache za namna hii kila siku zinatosha kwa majuma ya mwanzo. Mwendo ukishatulia, ndipo hesabu inaweza kuingia. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika mazoezi ya taratibu wengi hulenga kama pumzi 6, yaani sekunde 4 za kuvuta na 6 za kutoa. Usianzie huko. Anza na 3 kwa 4, na uongeze pale tu usoni panapobaki laini. Ukitaka kujua kwa nini tunarefusha kutoa na si kuvuta, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, usikilize mapigo huku ukipumua polepole. Yanaharakisha kidogo hewa inapoingia na kupungua kasi inapotoka. Kwa vijana tofauti hiyo huwa wazi zaidi. Moyo unapunguzwa kasi na neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, na kila pumzi ndefu inayotoka ni nafasi ya neva hiyo kufanya kazi yake.

Sasa kuna jambo ninaloomba ulichukulie kwa uzito. Ukisikia kizunguzungu, ganzi kwenye vidole au midomo ikichomachoma, umepumua kupita mahitaji ya mwili. Hewa ya ukaa imetoka nyingi mno, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo imejibana. Nimewahi kusikia hali hiyo ikisifiwa kwamba ni nguvu za ndani zinaamka. Hapana. Acha zoezi, kaa, pumua kama kawaida mpaka ipite.

Pumzi ya yoga, kwa sehemu kubwa, hupita puani, kwa kuwa pua huchuja hewa, huipasha joto na kuitia unyevu, na wembamba wake unaipunguzia mwendo. Siku yenye mafua fanya mikao tu, upumue kwa mdomo ukilazimika.

Kwenye mikao yenyewe kanuni ni nyepesi: unapoinama mbele au kujipinda, toa, unapoinua mikono au kufungua kifua, vuta. Ukiinama tumbo linabanwa na kiwambo kinasukumwa juu, kwa hiyo kujaza mapafu wakati huo ni kupingana na mwili wako. Kanuni hiyo watu huishika haraka. Kigumu ni mkao wa kukaa muda mrefu, kama ule wa ubao, mwili umenyooka juu ya mikono na vidole vya miguu. Pale taya linakaza, ulimi unaganda juu ya kaakaa, na pumzi inabanwa bila mwenyewe kujua. Mimi huanza na taya. Nikililegeza, koo linafuata, na pumzi inarudi. Isiporudi, nashusha magoti chini. Kwangu pumzi ndiyo kipimo cha mkao: ikikatika, nimezidisha, hata kama mikono na miguu bado inaweza.

Ile sauti ya kooni iitwayo ujjayi inapendwa sana, nami naipenda, ila isiwe kubwa. Fungua mdomo, toa hewa kwa sauti ya "haaa" kama unatia ukungu kwenye kioo, kisha funga mdomo katikati ya pumzi na uendelee vilevile. Ukiisikia wewe mwenyewe inatosha. Anayeivumisha mpaka mkeka wa jirani anakaza koo.

Na haraka ya nini? Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga huko India, alipopanga viungo vinane vya yoga, yaani sehemu zake nane, pranayama, mazoezi ya pumzi, aliiweka ya nne, baada ya mikao. Kubana pumzi kwa muda mrefu na kapalabhati, ile ya kuitoa hewa kwa mishtuko ya tumbo, ni za baadaye na mbele ya mwalimu. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu la juu, ngiri, kifafa, au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni asizifanye. Mwenye pumu azungumze na daktari wake, na dawa zake asiziache kwa sababu ya zoezi lolote.

Mwisho, ukiwa darasani na hesabu ya mwalimu ikawa ndefu kuliko pumzi yako, usijinyonge kuifikia. Ongeza pumzi moja katikati, umalizie mwendo nyuma kidogo ya wenzako. Kama mwalimu anakulazimisha uende na hesabu yake, mweleze baada ya darasa, na asipokuelewa tafuta mwingine.