Ile bendi ya roki pale maonyesho Jinja

Sebo umeuliza kama ile bendi ya kukopi roki kwa maonyesho ya kilimo Jinja ilikuwa makelele tu, wapi! Jamaa walipiga poa, mpiga gitaa waya wake umefungwa na selotepu na bado solo ikatoka safi, halafu walivyoingia nyimbo za Queen hata mama wa rolex, zile chapati za mayai, alisahau chapati ikaungua. Na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, si alizaliwa Zanzibar 1946, kwa hiyo usiniambie eti hiyo ni muziki ya wazungu tu. Besi ndo ilizidi, ilimfunika mwimbaji kabisa, na nyimbo za bendi ya AC/DC bora wangeziacha, koo la yule kaka haliwezi banange. Wakirudi nenda, ila usisimame karibu na jenereta.