Bwawa si Pipa: Kwa Wanaoanza Dawati la Mipango ya Umeme

Kiangazi kikianza tu, jedwali lile lile linarudi mezani: tarehe, kina cha bwawa la umeme la Mtera, mstari ulionyooka mpaka Januari, na chini yake "maji yanatosha". Safari hii limekuja na rangi. Wadogo zangu, tuongee kabla hamjalipeleka kwa mkuu.

1. Hesabuni ujazo, si kina. Hili ndilo kosa linalouma, na sisi wa zamani hatuna wa kumcheka. Fani nzima imelifanya, na litarudi kila akija mtu aliyefaulu hesabu.

Mnachofanya ni hiki: kina cha leo, toa mita 690 juu ya usawa wa bahari, ambazo ni mwisho wa kuendesha mitambo ya Mtera, gawa kwa sentimita zinazoshuka kwa siku. Tarehe 1 Julai tuko 692, tunashuka sentimita 1, basi siku 200. Katikati ya Januari, mvua zimeshanyesha. Raha tupu!

Sasa chukueni mfano wa darasani. Uso wa maji ukiwa kilomita za mraba 600, sentimita 1 ni mita za ujazo milioni 6. Mitambo ikipitisha mita za ujazo 70 kwa sekunde usiku na mchana, inameza hizo hizo milioni 6. Lakini kingo za bwawa zimelala, hazikusimama kama ukuta wa pipa. Uso ukisinyaa hadi kilomita za mraba 300, maji yale yale yanashusha sentimita 2.

Bado jua. Mvuke ukichukua milimita 6 kwa siku, Julai hamuuoni, kwa sababu mto bado unaleta kidogo na kuziba pengo. Ruaha Mkuu, mto unaolisha Mtera, ukikauka kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kama unavyofanya viangazi vingi tangu 1993, pengo linafunguka. Mnaanza na kushuka sentimita 1.6, mnamaliza na 2.6. Siku 200 zinageuka 100 na ushee. Hiyo ni Oktoba, si Januari! Tena kina kikishuka, kila mita ya ujazo inatoa umeme pungufu, kwa hiyo mnaongeza maji kupata megawati zile zile, na bwawa linakimbia zaidi.

Kinachouma si hesabu yenyewe, ni kilichojengwa juu yake. Kwa kuwa jedwali lilisema Januari, matengenezo makubwa ya mtambo wa gesi tunayapanga Oktoba. Maji yanaisha, mtambo wa kuokoa jahazi umefunguliwa, rota, ile sehemu inayozunguka, iko juu ya vigingi, na fundi anasubiri kipuri bandarini. Hapo ndipo mgao unapozaliwa, na wananchi wanaambiwa ni ukame. Ukame upo, sawa, ila Oktoba tuliichagua wenyewe.

2. Matengenezo ya gesi: Aprili na Mei, maji yakiwa mengi.

3. Mvua ya Kariakoo inajaza mitaro ya Kariakoo. Maji mengi ya Mtera yanatoka nyanda za juu kusini na Usangu, ambako msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Kijana akiniambia masika ya Dar yametuokoa, namuuliza kama Ruaha siku hizi unapita Jangwani.

4. "Tuna Bwawa la Nyerere." Tunalo: mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Ila fungueni ramani. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu, mto Kihansi, wenye stesheni yake, unaingia Kilombero, na yote inakutana Rufiji, mto wa Bwawa la Nyerere. Bonde ni moja. Mwaka mbaya unazigonga stesheni hizi zote kwa pamoja, na Oktoba 2015, kina kiliposhuka hadi uzalishaji wa umeme wa maji ukasitishwa, gesi ya Mtwara iliyokuwa imetoka tu kufika Dar ndiyo iliyotegemewa.

5. Kihansi kwanza. Mita 1 ya ujazo kwa sekunde inatoa kama megawati 7 pale, Kidatu moja na nusu. Na bwawa la Kihansi halina pa kuhifadhi maji mengi, usipoyatumia yanamwagika.

6. Gesi nayo inasikia joto. Namba ya kwenye bamba imepimwa kwa nyuzi 15. Dar ikiwa 32, hewa ni nyepesi, na kwa kila nyuzi mnapoteza kama asilimia 0.7, mtambo wa megawati 40 unawapa 35, saa hizo hizo ambazo viyoyozi vyote vimewashwa. Halafu agizeni gesi mapema: megawati 100 kwa siku nzima ni kama futi za ujazo milioni 24 kwa mtambo wa gesi peke yake, milioni 16 hivi ukiwa na wa mvuke nyuma yake, unaotumia joto la moshi wake. Anayepiga simu saa kumi na mbili jioni akitaka milioni 20 za ghafla atajibiwa kwa heshima, na hatapata.