Dola 35 za Maktaba ya Sheria: Maswali kutoka Kaunti za Texas

Maswali ya safari hii yametoka kwa watumishi wa kaunti katika jimbo la Texas, Marekani. Yote yanahusu fedha ambazo sheria imezitengea kazi maalumu mahakamani.

Nimeanza kazi katika ofisi ya karani wa mahakama. Fedha za maktaba ya sheria hutoka wapi hasa?

Hutoka kwa anayefungua shauri la madai. Tangu Januari 1, 2022, ada ndogondogo za zamani ziliunganishwa. Shauri jipya katika mahakama ya wilaya au ya kaunti hulipiwa dola 350: 137 huenda jimboni, 213 hubaki kaunti. Hizo 213 hugawanywa kwa asilimia zilizoandikwa katika sheria. Fungu la maktaba ni asilimia 16.4319, yaani dola 35. Mirathi na ulezi vina ada yake ya kaunti ya dola 223, na humo pia maktaba hupata 35. Kesi za jinai hazichangii kitu, wala mashauri ya mahakama za amani, zile za ngazi ya chini.

Kila mwaka makisio yetu ya mapato huwa makubwa kuliko tunachopokea. Tunakosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni kuzidisha idadi ya mashauri yaliyofunguliwa kwa 35. Si kila shauri hulipiwa. Mwananchi asiye na uwezo huwasilisha tamko la kutomudu gharama chini ya Kanuni ya 145 ya uendeshaji wa mashauri ya madai Texas, na karani analipokea shauri lake bila ada. Hiyo ni haki yake, asibughudhiwe kwa sababu ya bajeti yenu. Mashauri 1,000 ambayo 150 kati yake hayakulipiwa yanaleta dola 29,750, si 35,000. Kadirieni kwa fedha zilizopokelewa katika miezi 36 iliyopita, mkiangalia mwelekeo wake na si wastani tu.

Kosa la pili hujificha zaidi. Programu ya karani ikipangwa vibaya, fungu la maktaba huangukia akaunti nyingine, na jumla kuu bado inalingana, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kila mwezi chukueni makusanyo ya ada ya 213 peke yake, bila mirathi na ulezi, kisha gawanyeni mapato ya maktaba yaliyotokana nayo kwa jumla hiyo. Jibu lisipokaribia asilimia 16.43, fungueni miamala mmojammoja. Mkimaliza, linganisheni taarifa ya karani, stakabadhi za mweka hazina na leja ya mkaguzi wa hesabu. Ulinganisho huu ukisubiri mwisho wa mwaka, marejesho na malipo ya kadi yaliyokataliwa yatakuwa yamerundikana kiasi cha kuwachosha.

Jaji anataka kompyuta na usajili wa hifadhidata ya sheria ofisini kwake. Mfuko wa maktaba unaruhusu?

Unaruhusu. Sheria inataja kuanzisha maktaba, kuitunza, kununua au kukodi vitabu, samani na rafu za maktaba. Halafu inataja waziwazi kompyuta, programu na usajili wa mitandao ya utafiti kwa matumizi ya majaji wa kaunti. Viti vya chumba cha mahakama havimo. Ankara iandikwe kifaa ni cha utafiti wa sheria na kitakaa kwa nani, kisha ipite kwa mkaguzi wa kaunti kabla ya kupelekwa katika kikao cha makamishna wanaoongoza kaunti, kama dai lingine lolote.

Usajili unapanda bei na mapato yanashuka. Tupunguze nini kwanza?

Anzeni na matoleo ya karatasi yanayojirudia. Vitabu vingi vya sheria huletewa nyongeza kila mwaka pamoja na ankara, hata kama hakuna anayevifungua. Hesabuni matumizi ya rafuni kwa miezi mitatu kabla ya kufuta. Msifute kwa kukisia. Kompyuta ya wananchi iachwe mwisho kabisa, kwa maana asiye na wakili huenda hana pengine pa kusoma sheria bure. Kwenye mkataba mpya daini ukomo wa ongezeko la mwaka, na kifungu kinachoiruhusu kaunti kujitoa iwapo bajeti ijayo haitatenga fedha.

Je, tunaweza kuazima humo fedha za mkalimani au kifaa cha kugundua chuma mlangoni?

Hapana, kila kazi ina fungu lake. Katika zile 213, dola 3 ni za huduma za lugha, 20 za usalama wa mahakama, 20 za majengo yake na 10 za jopo la wananchi wanaoamua kesi mahakamani (jury). Mkalimani akigharimu zaidi ya fungu lake, tofauti ilipwe na mfuko mkuu wa kaunti, na makamishna waidhinishe hivyo kwenye bajeti kabla mkalimani hajaitwa.