Weupe kwenye mwani: hakuna chupa inayopoza bahari

SWALI: Naishi Kisasa, Dodoma. Namtumia shemeji yangu mtaji wa kulima mwani Mlingotini, Bagamoyo. Tangu Januari kotonii yetu, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, inapauka vipandevipande, inalegea na kukatika kwenye kamba. Shemeji alipima maji saa sita mchana akapata nyuzijoto 34. Kuna mtu anasema ni aisi-aisi, ugonjwa wa mwani kuwa mweupe na kukatika, na anauza dawa ya kunyunyizia pamoja na mbegu "isiyosikia joto" kutoka Pemba. Nilipe? Na hali hii si itaisha El Niño ikipita?

JIBU: Usilipe, si dawa wala mbegu.

Jibu la swali lako unalo mwenyewe, ni hiyo 34. Kotonii hustawi maji yakiwa kati ya nyuzijoto 25 na 30 hivi. Yakifika 33 na kuendelea, siku baada ya siku, mmea huzidiwa na kuanza kupoteza rangi. Tishu hulainika, kisha bakteria ambao siku zote wamo humo majini hupata mlango wa kuingia. Hao ndio muuzaji anawaita ugonjwa, wakati wamekuja kwenye mmea ambao tayari umeshalemewa na joto. Halafu hebu fikiria shamba lenyewe: maji yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanapanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne. Dawa gani itakaa hapo? Ikikaa, itaua vitoto vya kamba na kaa kabla ya kugusa tatizo lako.

Ipo dondoo ya mwani wa kahawia ambayo vipande huchovywa kabla ya kupandwa. Husaidia ukuaji na hupunguza zile nyuzinyuzi zinazoota juu ya mwani. Haipunguzi joto la maji hata nyuzi moja, na anayeiuza kama kinga ya joto anakudanganya.

Kuhusu mbegu, wewe wa Dodoma huna sababu ya kuibiwa. Mwani unapandwa kwa vipande kama mzabibu: pingili ya Hombolo ukiipanda Mpunguzi unapata mzabibu uleule. Kotonii inayolimwa kwetu kwa sehemu kubwa imetokana na vipande vilivyoletwa kutoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kilishika Zanzibar mwaka 1989. Kipande kimezaa kipande tangu hapo. Kilichotoka Pemba kikiwa kizima huenda kimetoka kwenye maji yenye kina na mkondo. Kiweke kwenye maji yenu ya magotini, kitapauka kama ndugu zake.

Sasa hilo la El Niño, ambalo nalisikia kila kaskazi na limenichosha. El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki linalovuruga hali ya hewa hadi huku kwetu, inakuja na kupita, kweli. Kinachobaki ni bahari iliyopanda joto chini yake. Magharibi ya Bahari ya Hindi, kwa miezi ya kusi, imeongezeka takriban nyuzijoto 1.2 kati ya 1901 na 2012. Bahari zote kwa jumla zimemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia, na joto hilo halitoki kwa msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo El Niño ya kawaida tu leo inaufikisha mwani mahali ambapo zamani ilihitajika El Niño kali.

Matumbawe yanaonyesha hili vizuri zaidi kuliko mwani. Dunia imepata upaukaji mkubwa mwaka 1998, 2010, kati ya 2014 na 2017, na tena kuanzia 2023. Matumbawe ya matawi huhitaji miaka kumi au zaidi kujijenga upya. Angalia nafasi zilizoachwa hapo katikati. Watu huniambia "mbona yalirudi baada ya 1998". Yaliyorudi si lazima yawe yaleyale: yale ya matawi, ambamo samaki wadogo hujificha, hufa kwanza, yale manene kama majabali hustahimili. Mwamba unaonekana upo, ila wakazi wamebadilika. Juu ya hayo, maji ya moto hukaa juu kama mfuniko na kuzuia virutubisho vya chini visipande, hivyo hata mwani usioungua hukosa naitrojeni, ukapauka kwa njaa.

Msisahau maji ya mito yasiyo na chumvi pia. Mvua ikipiga Dodoma, maji ya Kinyasungwe hupita Gulwe na Kilosa, huingia Wami na kumwagika baharini kaskazini ya Bagamoyo. Ruvu nayo inamwaga karibu zaidi nanyi. Chumvi inayotakiwa ni gramu 30 hadi 35 kwa lita. Ikishuka kuelekea 20, weupe uleule unatokea bila joto lolote, na mtu atakuuzia dawa ileile.

La kufanya: shemeji apime joto kila siku ya bamvua, saa nne hadi saa saba mchana, maji yakiwa yametoka kabisa, kipimo kikiwa kwenye usawa wa kamba, kisiwe juu juu. Chumvi aipime kwa refraktomita, kile kifaa cha mkononi cha kupima chumvi ya maji, baada ya kila mvua kubwa. Aandike. Vipande vilivyopauka avikate kwa kisu kikali na kuvipeleka nchi kavu, asivitupe kati ya mistari. Shamba likianza weupe, avune hata kama ni wiki ya nne badala ya sita. Uzito utapungua, ila kusubiri ni kukosa vyote. Miezi ya kaskazi apande spinosumu, aina nyingine ya mwani, sehemu ya kina kifupi. Bei yake ni ya chini, lakini inavumilia zaidi. Kotonii ihamie kwenye kamba za kuelea au nyavu za bomba (nyavu ndefu za mviringo zinazojazwa vipande vya mwani), mahali penye angalau mita mbili maji yakitoka, vipande vya gramu 100 vikiwa umbali wa sentimita 20. Hapo hesabu ngalawa, maboya, na watu wanaojua kuogelea. Wengi wa wakulima ni akina mama ambao hawakufundishwa, na hilo si jambo la kuliacha nje ya bajeti.

Jihadhari na kitu kimoja zaidi, wewe na wote mnaolima kwa simu kutoka bara. Kusi ikianza kuvuma kuanzia Aprili maji hupoa yenyewe, na ifikapo Agosti hushuka hadi nyuzijoto 25 au 26. Dawa iliyonunuliwa Machi itaonekana imetibu ifikapo Juni. Ndivyo wanavyopata video zao za mwani uliopona. Ukitumiwa video, uliza ilipigwa mwezi gani na maji yalikuwa na joto gani siku hiyo. Na usitume pesa ya kotonii ya Novemba kabla shemeji hajakutumia vipimo vyake vya bamvua.