Kwa Dada Anayependa Baiskeli na Haoni Wenzake Barabarani

Kila ninapoulizwa kwa nini wanawake ni wachache katika misafara ya baiskeli hapa Dar es Salaam, jibu linalotarajiwa ni kwamba hatuupendi mchezo huu au tunaogopa magari. Naendesha baiskeli tangu shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimekuwa mwanamke pekee katika msafara, au mmoja kati ya wawili. Nina hakika kwamba hamu ipo. Kinachokosekana ni baiskeli inayomfaa mwanamke, njia na saa za kupita bila bughudha, na mashindano yanayomhesabu kuwa mshindani.

Anza na baiskeli yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani miili yao ndiyo yenye kasoro. Unapochagua baiskeli ya mtumba Kariakoo, simama fremu ikiwa katikati ya miguu yako, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kama bomba la juu linakugusa, iache hata kama bei ni nzuri. Kisha panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Ukihamishia pedali kwenye sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hicho ndicho kimo cha kiti chako. Upana wa kiti nao ni muhimu, kwani kwa wanawake wengi mifupa miwili ya makalio tunayoikalia imeachana zaidi kuliko ya wanaume, na kiti chembamba hutufanya tukalie nyama badala ya mfupa. Ganzi na michubuko inayofuata hutibiwa kwa kubadilisha kiti, kuvumilia hakusaidii.

Fundi mmoja aliwahi kujibu maswali yangu yote akimtazama kaka yangu aliyenisindikiza. Nilirudia swali lile lile kwa utulivu hadi aliponigeukia mimi, akalegeza nati, akashusha kiti kwa upana wa kidole, na maumivu ya goti niliyokuwa nimeambiwa kwamba ni kawaida ya wanawake yakaisha.

Kuhusu mavazi sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba mchezo huu haumtaki mtu aache stara yake. Masomah Ali Zada, mkimbizi kutoka Afghanistan, alishindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na ushungi chini ya kofia ngumu. Jihadhari tu na kitambaa kinachoning'inia karibu na mnyororo na spoki.

Toka mapema, kabla daladala hazijajaa barabarani. Kwa anayeanza, mzunguko wa Masaki na Oysterbay kupitia Toure Drive hadi Daraja la Tanzanite unatosha, na upepo wa bahari asubuhi ile ni raha ambayo sijaipata katika mchezo mwingine wowote. Ukizoea, panda Pugu kuelekea Kisarawe ujifunze kubadilisha gia kabla mlima haujakubana. Msimu wa kusi, ukielekea Bunju upepo unakusukuma mgongoni, na safari ya kurudi ndiyo inayokudai nguvu, kwa hiyo usimalize maji yako wakati wa kwenda. Nenda na mwenzako, na mkipita vijiwe vya bodaboda salimieni kwanza. Vijana waliokuwa wakinirushia maneno ndio wanaoniambia siku hizi kwamba mbele kuna shimo au lori limeharibika.

Kuhusu mashindano nitasema zaidi, maana hapa ndipo palipo na uchungu wangu. Wanaume walianza kushindania mbio za barabarani za Olimpiki mwaka 1896, na wanawake wakasubiri hadi 1984. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, wasichana wa chini ya miaka 23 walipewa mbio zao peke yao kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo walikimbia pamoja na wakubwa na bingwa wao akatafutwa ndani ya matokeo hayo hayo. Mwaka huo huo Kimberley Le Court wa Morisi alivaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, katika Tour de France ya wanawake. Hamu ya wasichana haikuzaliwa mwaka 2025. Waandaaji waliamua kuwapa nafasi, na waandaaji wetu nao wanaweza kuamua hivyo.

Nimewahi kushiriki mbio ambazo wanawake tulipofika mwisho tulikuta mstari wa kumalizia umeshafunguliwa kwa magari na zawadi za wanaume zimekwisha kutolewa. Tangu siku hiyo silipi ada kabla ya kuuliza kama kuna kundi la wanawake, tunaanza saa ngapi, umbali ni upi, zawadi yetu ni kiasi gani ikilinganishwa na ya wanaume, na barabara itafungwa hadi nani afike. Nawe uliza hivyo, na majibu yaombe kwa maandishi, kwa sababu anayesimamia siku ya mbio mara nyingi si yule aliyepokea fedha yako.