Nzige wa Malagarasi si wale wa jangwani

Kaka, unauliza kama nzige wa bonde la Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, ndio wale wa jangwani walioivamia Kenya 2020. Hapana, si hao. Huyu wetu ni nzige mwekundu; mkamate, mfunue mabawa ya nyuma, utaona wekundu karibu na mwili. Makao yake ni mbuga za majani zinazofurika masika. Hutaga mvua zikianza, kizazi kimoja tu kwa mwaka, na watoto wakishaota mabawa hukaa kiangazi chote wakisubiri mvua nyingine. Wa jangwani hutaga kwenye mchanga uliolowana, na mvua zikifuatana anatoa vizazi kadhaa mfululizo. Halafu hachagui: miti, mboga, mahindi, vyote twende! Wetu anapendelea jamii ya nyasi. Usishangilie lakini, mahindi na mpunga nayo ni nyasi.